Betri Mbili na Wifi Yangu

Jumapili, 1 Machi

Kapteni amerudi nyumbani na nyumba nyingine.

Tangu Kapteni, mume wangu, astaafu udereva wa mabasi ya mbali amekuwa akizungukazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo mchana nikasikia honi, nikatoka na tepu ya kupimia bado shingoni, nikamkuta nyuma ya usukani wa kitu kirefu cheupe chenye mapazia madirishani. Gari-nyumba. Kuukuu, lakini limeoshwa likaoshika. Ndani mna kitanda kipana upande wa nyuma, benchi linalokunjuliwa kuwa kitanda cha pili, jiko la gesi, sinki, friji dogo, na choo ambacho ukikaa magoti yanabisha hodi mlangoni.

"Mke wangu," akasema, akifuta kioo kwa mkono wa shati, "nimeendesha watu wa watu maisha yangu yote. Sasa ni zamu ya wangu."

Tunakwenda kwa Kitinda. Ndivyo tunavyomwita binti yetu wa mwisho tangu azaliwe. Anaishi mbali, huko milimani, na anatarajia mtoto wake wa kwanza mwanzoni mwa Mei. Kapteni anataka twende polepole, tupumzike njiani tunapotaka, tufike kabla ya mgeni.

Na wifi naye anakuja. Ni dada mkubwa wa Kapteni, muuguzi mkuu mstaafu wa wodi, na amekuwa akikaa kwetu tangu afiwe na mumewe. Ana kisukari, anajidunga sindano kila siku, na akiba ya dawa yake lazima ikae baridi. Ndiyo maana hajasafiri mbali muda mrefu. Sasa friji lipo, kisingizio hakipo. Tutamshusha njiani, kwenye mji wa njia panda, kwa rafiki yake waliyekuwa wakifanya naye kazi. Anasema rafiki huyo amemwalika wakae pamoja, wazeeke pamoja.

Niandike ukweli, maana daftari hili ni langu: niliposikia habari ya rafiki huyo, moyo wangu ulikaa kitako. Wifi ni mtu mwema, lakini ana ulimi wa kukwangua sufuria.

Jumatano, 4 Machi

Wifi amelikagua gari. "Hii ni wodi ya mgonjwa mmoja," akasema, "mmelaza watatu."

Jumamosi, 7 Machi

Tumeondoka. Jua kali. Majirani walisimama getini wakatupungia kana kwamba tunakwenda kuoa.

Jumatano, 11 Machi

Kila kitu kinafanya kazi. Friji baridi, taa nyeupe, pampu ya maji inanguruma kama paka aliyeshiba. Kapteni anajisifu kwa kila anayesimama kutazama. Wifi amechukua rafu ya juu ya friji, akaipanga dawa zake kwa tarehe, na kuniagiza nisiweke nyanya karibu.

Jumapili, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha tangu jana bila kupumua. Leo asubuhi taa zilikuwa za njano kama ute wa yai, na friji lilikuwa likijaribu kuwaka, linakoroma, linazima. Wifi alifungua mlango wake, akagusa vichupa kwa mgongo wa vidole kama anavyogusa paji la mtoto, akafunga. Hakusema neno, na wifi asiposema neno mimi huogopa zaidi.

"Betri mbovu," Kapteni akatangaza. "Nilijua."

"Ulijua lini?" wifi akamuuliza.

Ijumaa, 20 Machi

Tumepata betri mpya mjini. Jua pia limerudi. Mambo shwari.

Jumamosi, 28 Machi

Mawingu tena, na betri mpya nayo imelala. Kapteni ameitazama kama mtu aliyesalitiwa.

Leo nimemwomba anieleze. Sikutaka kumchokoza, nilitaka kuelewa tu.

"Betri ni mbili," akasema. "Ya mbele kazi yake kuwasha injini. Ya nyuma, hii iliyo chini ya benchi, ndiyo betri ya nyumba: taa, pampu, friji. Tukitembea, dainamo ya injini inazilisha zote mbili. Tukisimama, paneli ya sola iliyo juu ya paa inailisha ya nyumba."

"Na tangu juzi tumetembea karibu kutwa nzima."

"Ndiyo."

"Basi mbona haijashiba? Inalishwaje hasa?"

"Kwa waya."

"Waya upi?"

"Waya, mke wangu! Umewahi kuona umeme ukipita kwenye kamba ya katani?"

Wifi alicheka hadi akatoa miwani. Mimi sikucheka. Kapteni anajua injini kama ninavyojua cherehani, lakini nimegundua jambo: akifika kwenye umeme anapaza sauti. Mtu akipaza sauti mahali pasipo na kelele, jua hapo ndipo anapoogopa.

Jumatatu, 30 Machi

Wamelala mchana wote wawili, ndugu kwa ndugu, kila mmoja na mkoromo wake. Nikafungua benchi nione.

Nimeshona tangu nikiwa msichana, nimefumua kazi za mafundi walevi na wavivu, lakini sijawahi kuona fujo kama ile. Kila aliyemiliki gari hili aliongeza waya wake akaenda zake. Wote wamependa rangi nyekundu. Kiungo kimoja kimefungwa kwa mfuko wa plastiki. Nikachukua vipande vya vitambaa kutoka kwenye mfuko wangu wa viraka na kuanza kufunga alama: bluu kwa taa, kijani kwa pampu, maua kwa friji, kila waya nilioweza kuufuata kwa kidole mpaka mwisho wake.

Kapteni akaamka. "Mama! Acha hizo! Umeme hauna undugu."

"Nafunga vitambaa tu."

"Tutaita fundi."

"Mwite. Akija atanikuta."

Alhamisi, 2 Aprili

Daraja limefungwa. Mto umepanda hadi kwenye vyuma vyake, na mafundi wa barabara wameweka mapipa na kamba. Tumeambiwa tuegeshe kwenye uwanja wa malori, chini ya barabara, pamoja na wengine wengi. Kambi ya mafundi wenyewe iko juu ya kilima. Nimempigia Kitinda simu. Ameniambia nisihofu, miguu yake tu ndiyo imevimba. Kisha akauliza mara tatu tutafika lini.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua. Kapteni amewasha injini asubuhi nzima kuilisha betri ya nyuma. Betri haijala. Dizeli imeliwa.

Nimeazima chungu cha udongo kwa mama anayepika kambini, nimekizungushia shuka lililoloa, na dawa za wifi zimekaa humo ndani ya mfuko mkavu. Upepo ukipita, chungu kinapoa. Wifi alikishika akatikisa kichwa. "Kitasaidia," akasema. "Lakini hakitoshi kwa mwezi mzima, wifi, na joto hili la unyevunyevu." Alisema polepole, bila kukwangua. Hospitali iliyo karibu iko ng'ambo ya mto.

Jumanne, 7 Aprili

Niandike kabla sijasahau.

Jana Kapteni aliamua kumaliza mambo. Alizichomoa nyaya za friji kutoka betri ya nyumba, akaziongeza kwa waya mwingine mrefu, akazipeleka moja kwa moja kwenye betri ya injini. Friji likawaka mara moja. Akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Mlikuwa mnafumua nyuzi," akasema, "wakati dawa ni hii." Tulifurahi wote. Wifi alirudisha vichupa vyake rafuni kimoja kimoja na kumwombea mdogo wake maisha marefu.

Leo, tukinywa chai, nilisikia malori yakiwashwa moja baada ya jingine. Nikachungulia. Uwanja ulikuwa umegeuka bwawa. Mto ulikuwa umezunguka kwa nyuma, kupitia mtaro, bila kelele yoyote, na maji yalikuwa yameshafika nusu ya magurudumu yetu. Watu walikuwa wakipanda barabarani kwa haraka. Kapteni akaruka kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Tak. Tak.

Akazungusha tena. Hata hiyo tak haikuja.

Nilielewa kabla hajageuka. Friji lilikuwa limekula betri ya injini usiku kucha. Mume wangu alikaa pale, mikono juu ya usukani, mtu aliyevusha mabasi kwenye matope na mabonde bila kuacha abiria hata mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja kitu cha wageni.

Wifi ndiye aliyesimama. Alivua viatu, akakunja gauni na kulifunga kiunoni, akashuka majini hadi magotini. Sikujua sauti yake inaweza kufika mbali vile. "Wewe wa lori jekundu, usipite hapo, unatusukumia wimbi! Nyinyi wawili, njooni hapa nyuma! Mwenye kamba ni nani?" Wakamtii. Watu wazima, madereva wenye vifua kama milango, wakamtii kama wagonjwa. Mmoja alikimbia kilimani akarudi na fundi wa kuchomelea vyuma wa kambi, akiendesha trekta na minyororo nyuma yake.

Mimi nilikuwa ndani, nimekipakata chungu na dawa zote nilizozitoa frijini, maji yakiingia taratibu chini ya mlango. Nilihisi magurudumu ya nyuma yakielea, gari likigeuka kidogo upande, kama mtu anayebadilisha nia. Kisha mnyororo ukakaza. Trekta likanguruma, matope yakaruka, na tukapanda. Nilipotazama nyuma, pale tulipokuwa palikuwa na maji tu na kikombe changu cha chai, kilichoniponyoka mlangoni, kikielea.

Juu ya kilima Kapteni hakushuka. Nilitaka kwenda, wifi akanizuia kwa mkono, akaenda mwenyewe. Niliwasikia kupitia pazia.

"Dada, nilitaka dawa yako isiharibike."

"Najua."

"Ningewazamisha."

"Ungetuzamisha ukinipenda. Kuna watu wamezama bila hata kupendwa. Haya, shuka ule."

Jumatano, 8 Aprili

Fundi wa kuchomelea ametushtulia injini kwa betri ya trekta. Nikamuuliza kama anaweza kututazamia nyaya. Akaonyesha daraja kwa kidevu: "Mama, tangu wiki iliyopita sijalala vizuri." Lakini ana mita ya kupimia umeme, na ameniachia, akanionyesha mambo mawili: mguu mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, na namba ikiwa karibu na sifuri, maana yake sehemu hizo mbili zinaelewana.

Kapteni alitazama lakini hakunikataza. Nadhani kukataza kumemwishia majini.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimepima kila kitu, hata betri ya redio ya wifi. Nimeshika mita vibaya asubuhi yote ndipo nikaishika vizuri.

Ijumaa, 10 Aprili

Leo.

Injini inanguruma. Nikaanza na betri ya injini: volti kumi na nne. Vizuri, dainamo inapika. Nikaja nyuma, betri ya nyumba: kumi na mbili. Chakula kipo jikoni, na mtoto ana njaa sebuleni.

Basi nikasema waya mwekundu umekatika mahali. Kapteni akanionyesha unapoanzia, kwenye betri ya mbele. Unapita kwenye kisanduku kidogo kinachojifunga chenyewe injini ikiwaka, ili betri mbili zishikane mikono, na kujifungua injini ikizimwa, ili ya nyumba isije ikainyonya ya mbele. Halafu fyuzi. Halafu chini ya zulia hadi kwenye benchi. Nimeufuata wote kwa magoti na kuupima kabla ya kila kituo na baada yake. Mzima. Hauna hata mkwaruzo.

Nikakaa sakafuni, jasho linanitoka. Wifi alikuwa benchini akinimulikia tochi, na alikuwa akinimulikia vizuri. Mwanga ulikuwa unafika kabla sijauomba.

"Huo mwekundu unapeleka," akasema.

"Ndiyo, wifi."

"Na unaorudisha?"

"Unaorudisha nini?"

"Sasa wewe unadhani damu ikitoka moyoni inaishia kidoleni? Ina mishipa ya kwenda, ina mishipa ya kurudi. Ukikaza mshipa wa kurudi, hata huo wa kwenda uwe mzima namna gani, mkono hautapona. Umeme wako ukishaingia kwenye hiyo betri, unarudi mbele kwa njia ipi?"

Nikamtazama Kapteni. Kapteni akanitazama mimi. Siku zote hizo tulikuwa tumekimbizana na nyekundu.

Kutoka kwenye hasi ya betri ya nyumba kuna waya mmoja mweusi, mnene kama kidole gumba, unaoingia kwenye tundu la sakafu na kupotea. Nilikuwa nimeuona tangu siku ya vitambaa, sikuufunga alama, maana niliona hauendi popote.

"Huo umefungwa kwenye chuma cha gari huko chini," Kapteni akasema, taratibu, kama mtu anayekumbuka njia. "Chuma chenyewe cha gari ndicho waya wa kurudi. Ndivyo magari yote yalivyo. Betri ya mbele nayo imefungwa kwenye chuma hichohicho."

Nikachukua mita. Mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma safi cha mlango. Kama fundi alivyosema, kama vinaelewana isome sifuri.

Ikasoma karibu mbili.

"Kumi na nne toa mbili," Kapteni akanong'ona. Hatukuhitaji kumalizia. Zile mbili zilizokuwa zikipotea njiani, hizo hapo.

Alizima injini, akasema tusiguse kitu kabla ya kuzitenganisha betri, akazitenganisha yeye mwenyewe, ya mbele na ya nyuma. Tulitandika boksi chini ya gari, tukajilaza, mimi na yeye, bega kwa bega kwenye matope, kama vijana wanaojificha. Nati ilikuwa imefunikwa na tope, chini ya tope kutu, na chini ya kutu, angalia watu walivyo, rangi nzuri nyeupe. Mtu alipaka gari rangi, kisha akafunga waya juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Umeme ulikuwa ukipita kwa bolti peke yake, na msimu baada ya msimu kutu ikaula hata huo upenyo.

Nati haikutaka kutoka. Nilijaribu hadi nikauma ulimi. "Nipe," Kapteni akasema, na mikono ile ya usukani ikaifungua. Halafu akanirudishia spana bila kuambiwa. Nikakwangua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikasugua kichwa cha waya mpaka shaba ikaonekana, tukaweka nati mpya, tukakaza, tukapaka grisi juu yake ili maji yasirudi.

Wifi alibaki juu kusoma mita. Tuliporudisha betri na kuwasha injini, tulikuwa bado tumesimama nje, tumetapakaa tope.

"Wifi, inasema nini?"

Kapteni akagonga ubavu wa gari.

"Dada!"

"Subirini, namsomea mgonjwa vizuri. Kumi na tatu. Kumi na tatu na kidogo. Inapanda." Halafu sauti ikamgeuka. "Inakula, wifi. Inakula."

Kapteni alinibeba juujuu. Katika umri huu! Nilimwambia ataumia mgongo, na kweli jioni nimemkanda kwa maji ya moto.

Jumapili, 12 Aprili

Nimeelewa sasa kwa nini siku za jua tulikuwa wafalme. Paneli ya paani ina nyaya zake mbili, ya kwenda na ya kurudi, zote zinaishia kwenye betri yenyewe. Zilikuwa hazipiti kwenye ile nati. Jua likiwaka betri inakula kwa mlango wa pili, na sisi tunadhani mlango wa mbele uko wazi. Mvua ikija tunaachwa na mlango wa mbele tu, nao umefungwa tangu zamani.

Tumerudisha nyaya za friji mahali pake. Friji ni baridi. Betri tuliyoitupa mwezi uliopita ilikuwa nzima, masikini.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Tumefua ndani ya sinki.

Jumatano, 22 Aprili

Wifi na mimi tumemenya njegere mlangoni, mvua ikipiga paa. Nikamuuliza habari za rafiki yake wa njia panda, kama ana nyumba kubwa.

"Chumba na sebule," akasema.

"Na amefurahi kukualika."

Akamenya ganda moja, la pili. "Hakunialika, wifi. Nilimwomba. Dada mtu kukaa na mdogo wake ni sawa. Lakini kila siku kuwa mtu wa tatu mezani, hiyo ni kazi ngumu kuliko zamu ya usiku. Kwa hiyo nilikuwa nasema sana ili nisionekane nimenyamaza."

Nilimsogezea njegere zangu, akazichanganya na zake.

Jumatatu, 27 Aprili

Daraja limefunguliwa! Fundi wa kuchomelea alipokuja kuchukua mita yake alinikuta nimeishonea mfuko wa kitambaa kigumu wenye kifungo. Aliugeuzageuza, akauvaa mkandani, akaondoka akitembea kwa maringo.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo tulifika njia panda. Tulikuwa tumekaa mbele wote watatu. Kapteni akapunguza mwendo, akawasha taa ya kupinda kushoto. Wifi alikuwa ameshika mkoba wake mapajani, kitambaa cha kichwa amekifunga vizuri, kile cha kwendea ugenini.

"Usipinde," nikasema.

"Eh?"

"Nenda moja kwa moja. Kitinda anajifungua kwa mara ya kwanza, nani atamshika mkono kwa kujua anachofanya? Mimi najua kushona tu."

"Wifi," akasema wifi, "mizigo yangu nimeshaishusha kutoka kabatini."

"Tutairudisha."

"Na baada ya Kitinda?"

"Baada ya Kitinda turudi nyumbani. Nyumba ina chumba chako. Na hapa ndani nani atanimulikia tochi? Mume wangu anamulika miguu yake mwenyewe."

Kapteni alizima ile taa. Wifi aligeukia dirishani, akatazama mji wa njia panda ukipita wote, hadi duka la mwisho. Halafu akafungua mkoba, akatoa peremende tatu, akatugawia.

"Na ninyamaze kidogo sasa?" akauliza.

"Ukinyamaza nitadhani friji limezima."

Jumapili, 3 Mei

Tumefika. Kitinda ni mpana kama mlango. Nilimkumbatia kwa ubavu.

Jumatano, 6 Mei

Msichana! Mama na mwana wazima. Wifi alikuwa chumbani nao tangu uchungu ulipoanza, na nimeambiwa kwamba wauguzi walimwita "Mama Mkuu" kabla ya saa moja kupita. Alipotoka alikuwa amelia na hakujificha. Nilimpokea mlangoni, tukashikana mikono muda mrefu, mawifi wawili, watu wakitupita.

Jumamosi, 9 Mei

Mtoto analala, analia, ananyonya. Nimeshona vikofia.

Jumamosi, 16 Mei

Mvua zimekatika. Milima imetokea yote, na gari-nyumba limesimama uani kwa Kitinda, milango wazi, magodoro yakianikwa.

Asubuhi tulikuwa tukinywa chai barazani. Wifi alikuwa amempakata mjukuu, anampa hotuba kuhusu nyanya na dawa. Jirani mmoja akabisha hodi, mama anayefuga vifaranga. Ana taa za kuwapa joto, zinazotumia betri na sola, na tangu juzi zinafifia jioni, vifaranga wanarundikana. Amesikia hapa kuna fundi.

Kapteni aliinuka kwa mazoea yake, akakohoa, akanyoosha shati. Halafu akageuka kunitazama.

"Mama," akasema, "mteja wako."

Nilimalizia chai, nikavaa ndala. Kapteni alikuwa ameshaingia garini na kutoka na mfuko wa vifaa begani, akanitangulia getini kumfuata yule mama. Njiani, kwa sauti ya chini ambayo jirani asingesikia, akaniuliza kama leo ningemwachia yeye ashike mita.